Nairobi hadi New York: kilomita, saa za angani na saa za kwenye tiketi

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: safari ya ndege kutoka kwetu hadi New York ni ndefu kiasi gani, na inachukua muda gani hasa. Tumezikusanya hapa.

Binti yangu kaninunulia tiketi ya Nairobi–New York ya Januari. Kwenda, ndege inaondoka 23:25 na kufika 06:25. Kurudi, inaondoka 12:25 na kufika 10:55 kesho yake. Nikihesabu, kwenda ni saa 7 na kurudi ni saa 22 na nusu. Iweje njia ile ile itofautiane hivyo? Na ni kilomita ngapi? (Msomaji, Thika)

Saa zote za kwenye tiketi yako ni sahihi, ila kila moja imeandikwa kwa saa ya mji wake. 23:25 ni saa ya Nairobi, 06:25 ni saa ya New York. Usitoe moja kwenye nyingine kabla hujazileta zote kwenye saa ya mji mmoja.

Nairobi iko saa 3 mbele ya Greenwich mwaka mzima. New York iko saa 5 nyuma ya Greenwich wakati wa baridi na saa 4 wakati wa joto, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo mwezi Januari Nairobi imeitangulia New York kwa saa 8. Kati ya Machi na Novemba imeitangulia kwa saa 7.

Sasa hesabu upya. Ukifika New York saa 06:25, Nairobi ni 14:25. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ni saa 15 kamili. Kurudi, 12:25 ya New York ni 20:25 ya Nairobi, na kutoka hapo hadi 10:55 ni saa 14 na dakika 30. Tofauti halisi ya kwenda na kurudi, basi, ni nusu saa tu kwenye ratiba yako.

Hata hiyo nusu saa ina sababu yake, nayo ni upepo. Juu sana, mita 10,000 hadi 12,000, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Juu ya Atlantiki ya kaskazini hupata nguvu zaidi wakati wa baridi na inaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kwenda Marekani ndege inapambana nayo, kurudi inasukumwa. Boeing 787 husafiri kwa karibu kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa inayoizunguka. Tuseme upepo kwa wastani wa njia nzima ni kilomita 40 kwa saa: kwenda unabaki na mwendo wa 860 juu ya ardhi, kurudi unapata 940. Umbali wa mstari mfupi kabisa kati ya viwanja hivi viwili ni takriban kilomita 11,840. Gawanya, utapata saa 13 na dakika 46 kwa kwenda, saa 12 na dakika 36 kwa kurudi. Siku upepo ukizidi, pengo nalo linapanuka.

Utauliza, mbona ratiba inataja 15 na si 13 na dakika 46? Muda wa ratiba huanzia ndege inapoondoka mahali pake pa maegesho na kuishia inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Ndani yake mna kutembea ardhini, foleni ya kuruka, kupanda angani kwa mwendo mdogo, kuzunguka kusubiri nafasi ya kutua New York, na njia yenyewe isiyofuata mstari mfupi sawasawa. Mashirika pia huongeza dakika kidogo za akiba ili ndege isionekane imechelewa kwa jambo dogo. Ndiyo maana ukisikia rubani akitangaza "muda wetu angani ni saa 14" huku tiketi yako ikisema 15, hapana aliyekosea.

Kwa anayetaka kukadiria safari yoyote bila kutafuta ratiba: chukua kilomita, gawanya kwa 850, ongeza nusu saa. Nairobi–London ni kilomita 6,840, unapata saa 8 na dakika 35 hivi. Zanzibar–Muscat ni 3,900, unapata saa 5 na ushei. Dar es Salaam–Nairobi ni 670, unapata saa 1 na robo. Kanuni hii inakaribia ratiba vizuri kwa ndege kubwa za jeti. Kwa ndege za pangaboi usiitumie, mwendo wake ni mdogo zaidi.

Kwenye ramani ya ukutani, New York iko magharibi kabisa ya Afrika. Lakini kwenye skrini ya kiti ndege inaelekea kaskazini, inakata Sahara na kupita karibu na Morocco. Si wangenyoosha tu kupitia Kongo na Atlantiki? (Msomaji, Kisumu)

Ramani ya ukutani ndiyo inayokudanganya, kwa kuwa inalazimisha dunia ya mviringo kulala bapa. Chukua tufe la dunia la darasani na uzi. Bana ncha moja Nairobi, nyingine New York, kisha vuta uzi ukaze. Utajipanga wenyewe kwenye njia fupi kuliko zote, nayo inatoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi: inakata Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, inapita Morocco eneo la Marrakesh, inaingia Atlantiki na kufika kwenye visiwa vya Azores. Halafu inapanda hadi latitudo ya 42 kaskazini, juu kidogo kuliko New York yenyewe, na kuteremka ikiingia mjini kutoka upande wa mashariki. Ukiunyoosha uzi kwa kufuata ikweta kwanza kisha kukunja kona kwenda juu, utaona umeongeza maelfu ya kilomita.

Huo ni mstari wa hesabu. Njia inayorushwa siku fulani inapangwa upya kila siku kwa kuangalia mambo matatu. La kwanza ni upepo: mara nyingine kuongeza kilomita 200 ili kukwepa upepo mkali wa mbele kunaokoa muda na mafuta. La pili ni anga zilizofungwa au zisizo salama. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, na ndege nyingi za Afrika Mashariki kwenda Ulaya zililazimika kuizunguka. Kwa safari hizo zinazoelekea kaskazini moja kwa moja, Sudan iko katikati ya njia. Njia ya New York inaigusa pembeni tu. La tatu ni viwanja vya dharura. Ndege ya injini mbili inapovuka bahari lazima wakati wote iwe ndani ya muda uliokubaliwa wa kufikia kiwanja kwa injini moja, na hapo Azores, licha ya udogo wake, ina thamani kubwa.

Kuna jambo jingine la Nairobi ambalo abiria wachache wanalijua. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Mabawa na injini hupata nguvu ndogo zaidi kutoka kwenye hewa nyepesi, na joto la mchana linaipunguzia uzito tena. Ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 ni nzito mno, kwa hiyo kuruka usiku kwenye ubaridi kunairuhusu ibebe zaidi. Pale uzito unapozidi kiwango cha siku hiyo, kinachoachwa nyuma ni shehena au viti vya kuuza, kamwe si mafuta.

Natoka Dar es Salaam. Wakala ananipa njia nne za kwenda New York: Nairobi, Amsterdam, Doha na Dubai. Ipi fupi? Na kwa nini hakuna ya moja kwa moja kutoka Dar? (Msomaji, Temeke)

Kwa kilomita, hakuna inayoikaribia Nairobi. Mstari mfupi wa Dar–New York ni kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi jumla ni 12,500 hivi, yaani umeongeza kama 60 au 70 tu, kwa kuwa Nairobi imekaa karibu kabisa na mstari wenyewe. Kupitia Amsterdam ni 13,200. Kupitia Doha ni 14,600. Kupitia Dubai ni karibu 15,000, kwa sababu unakwenda kwanza kaskazini-mashariki halafu ndipo unaanza safari ya magharibi.

Lakini usichague kwa kilomita peke yake. Tofauti ya njia ya Nairobi na njia ya Dubai ni kilomita 2,500, ambazo angani ni kama saa 3. Kusubiri kubaya kwenye uwanja wa kati kunaweza kumeza saa 3 hizo mara tatu. Chukua karatasi, andika njia nne, na kwa kila moja jumlisha muda wa ndege ya kwanza, kusubiri, na ndege ya pili. Tovuti nyingi zinakuonyesha jumla hiyo, ila hakikisha ni jumla ya safari nzima, isiwe ya kipande kimoja.

Kusubiri kufupi mno nako ni hatari. Tukishauri, kwa uwanja mkubwa wa kigeni usikubali chini ya saa 2 hata kama mfumo wa tiketi unakuruhusu dakika 70. Lango hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka, na kabla yake kuna kutoka ndani ya ndege, basi, na ukaguzi wa pili. Dakika 70 zikipungukiwa na 30 kwa kuchelewa kuruka Dar, hazitoshi tena.

La muhimu kuliko yote ni tiketi iwe moja. Vipande vyote vikiwa chini ya namba moja ya kuhifadhi nafasi, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la shirika kukupeleka na inayofuata. Ukinunua Dar–Nairobi kivyake na Nairobi–New York kivyake kwa kukimbilia bei, shirika la pili halina habari na la kwanza, na kiti chako kinahesabiwa kuwa umekiacha. Tena ukikosa kipande cha kwanza cha tiketi, mashirika mengi hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi.

Kuhusu ndege ya moja kwa moja: shirika la nchi yoyote haliwezi kuanzisha safari zake lenyewe kwenda Marekani mpaka mamlaka ya anga ya Marekani iridhike na usimamizi wa usalama wa anga wa nchi hiyo. Kenya ilipata kibali hicho Februari 2017, na Kenya Airways ikaanza Nairobi–New York tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8. Baada ya kibali huja biashara. Kilomita 12,440 ziko ndani ya uwezo wa ndege ya aina hiyo, lakini viti vyake ni zaidi ya 230, na lazima vijae mwaka mzima.

Tiketi yangu inasema Jumatano 00:40. Niende uwanjani lini? (Msomaji, Pangani)

Nenda Jumanne jioni. 00:40 ya Jumatano ni saa sita na dakika arobaini ya usiku wa kuamkia Jumatano. Ukiingoja Jumatano imalizike ndipo ufunge mzigo, utakuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kosa hili hutokea sana na ni la gharama kubwa, maana tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi pesa.

Kugeuza saa za tiketi: kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6 (13:00 ni saa saba mchana). Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18 (23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku). Kuanzia 00:00 hadi 06:59, jumlisha 6, na hapo ndipo tarehe inapokuwa imeshabadilika. Kwa safari ya kimataifa fika saa 3 kabla. Kaunta hufungwa kwa kawaida saa 1 kabla ya kuruka, nayo haisubiri mtu.

Mama yangu ana miaka 67 na hajui Kiingereza. Anatua New York, kisha anaunganisha kwenda Columbus, Ohio. Mzigo umeandikiwa Columbus. Nimwachie saa ngapi pale New York? (Msomaji, Arusha)

Saa 4 kwa mama, na zisipungue 3 hata kwa kijana aliyezoea. Sababu ni kwamba Marekani humkagua abiria na mzigo wake kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama lebo ya begi imeandikwa Columbus. Wengi hupotezana na mabegi yao hapo, kwa kuamini yatajipeleka yenyewe.

Mfuatano ni huu, na ni vizuri mama aujue kwa moyo. Akishuka anakwenda uhamiaji, anaonyesha pasipoti na viza, anachukuliwa alama za vidole na picha. Akipita anashuka kwenye ukanda wa mizigo na kuchukua mabegi yake yote. Anapita nayo forodha. Mbele tu ya mlango wa forodha kuna kaunta ya mizigo inayounganisha. Hapo anaikabidhi tena. Baada ya hapo anapitia ukaguzi wa usalama upya kama msafiri mpya, pengine kwenye jengo jingine, ndipo aende kwenye lango la Columbus. Foleni ya uhamiaji peke yake inaweza kuchukua dakika 20 au saa 2, kutegemea ndege ngapi zimetua pamoja.

Manukato au asali aliyonunua dukani uwanjani Nairobi, ikiwa chupa inazidi mililita 100, aitie ndani ya begi kubwa kabla ya kulikabidhi tena, la sivyo ukaguzi wa pili unaweza kumnyang'anya. Chakula chochote alichobeba akitaje forodhani. Nyama, matunda mabichi na mbegu zisizoruhusiwa zitachukuliwa bila tatizo zaidi zikitajwa. Zikifichwa kuna faini. Viungo vikavu vilivyofungwa vizuri kwa kawaida hupita.

Mwombee msaada wa kiti cha magurudumu kwa simu au kwenye ofisi ya shirika, saa 48 kabla kwa uchache, na urudie kukumbusha kwenye kaunta. Si lazima awe mgonjwa: mwendo mrefu na umri vinatosha. Mhudumu atampokea mlangoni pa ndege na kumpitisha hatua zote hizo. Pia mwandikie karatasi moja kwa Kiingereza yenye jina lake, namba ya ndege ya Columbus, anwani anakofikia, simu ya mwenyeji, na maneno kwamba anazungumza Kiswahili tu na anaomba mkalimani. Aiweke pamoja na pasipoti, asiitie kwenye begi la kukabidhi.

Kama anatumia dawa kila siku, ziwe kwenye mkoba wa mkononi ndani ya pakiti zake za asili. Akiwa njiani azimeze kwa kuhesabu saa tangu dozi iliyopita, kwa saa ya Arusha. Kwa insulini, na kwa dawa zozote zenye masharti ya muda, mpangilio wa siku ya safari utoke kwa daktari wake kabla hajaondoka. Na ndani ya ndege asimame atembee kila baada ya saa 2 hivi akiwa macho, anyooshe vifundo vya miguu akiwa kitini. Kukaa saa 15 bila kusogea kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu.

Nitarudi kutoka New York mwezi wa Ramadhani na nina nia ya kufunga. Nifuturu kwa saa ya wapi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa jua unaloliona wewe ulipo, si kwa saa ya mji wowote. Ukiwa angani na jua bado lipo dirishani, wakati wa Magharibi haujaingia kwako hata kama watu wa chini yako wameshafuturu. Ukielekea mashariki mchana unafupika. Ndege ikiondoka New York saa sita na nusu mchana mwezi Machi, jua linakuzamia kama saa 4 tu baada ya kuruka, kwa kuwa ndege inalikimbia. Mwombe mhudumu mapema akuwekee chakula, maana hugawiwa muda mfupi baada ya kupaa.

Upande wa kwenda ni kinyume chake. Ndege ya saa tano usiku kutoka Nairobi mwezi Januari inafika New York kabla jua halijachomoza, na safari nzima ni giza: tangu jua kutua Nairobi hadi kuchomoza New York ni takriban saa 20. Usiku wako ni mrefu mno. Na msafiri ana ruhusa ya kutofunga akalipa baadaye, kama ilivyo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Saa 15 za hewa kavu ya ndege ni sababu nzito ya kuitumia.

Naanzia Bujumbura kwenda kupanda ndege ya New York pale Nairobi. Mbona ratiba inaonyesha saa 2 na nusu kwa safari ninayoambiwa ni saa 1 na nusu? (Msomaji, Bujumbura)

Burundi, kama Rwanda na mashariki ya Kongo, iko saa 1 nyuma ya Nairobi, na ratiba inaonyesha saa ya kila uwanja. Kurudi itaonekana kama nusu saa tu. Ukishatua Nairobi sogeza saa yako mbele papo hapo, kabla hujatazama muda wa kupanda kwenye pasi ya ndege ya pili, na kama simu yako haina mtandao pale usiitegemee ijisogeze yenyewe.